Tunatundika Nini Mtini?

  Uliye Shinyanga mjini, uliye Kahama, Maganzo, Ushirombo, Nyarugusu, na wewe uliyeketi chini ya turubai karibu na duara la wachimbaji, redio umeining'iniza kwenye nguzo, vuta kigoda ukae.  Mazungumzo ya leo ni ya sikukuu.

Krismasi imebisha hodi. Mabasi yatokayo Geita na Katoro yameanza kujaa, vijana wanarudi kwao na mifuko ya mchele. Kina mama wameshapeleka vitenge kwa fundi, na fundi, kama ilivyo desturi yake, anawaambia njoo kesho. Kanisani kwaya inafanya mazoezi mpaka usiku. Na pembeni ya altare, au kwenye kona ya sebule, au mlangoni mwa hoteli, pamesimamishwa mti. Umetundikwa vitu, na vitu vyenyewe vinang'aa.

Swali langu leo ni dogo. Vile vitu ni nini? Nani alianza kuvitundika, na alikuwa na maana gani? Halafu swali la pili, ambalo ndilo hasa lililonileta: sisi wa huku, tunaoishi juu ya dhahabu na almasi, tunatundika nini mtini? Nitalirudia swali hili mara kwa mara, usinichoke.

Tuanzie sokoni, maana huko ndiko mapambo yanakoonekana kwanza. Pita Katoro wiki hii, au Kahama, kwenye maduka yanayouza madaftari, miavuli na vyombo vya plastiki. Mbele ya duka kuna boksi limefunguliwa. Ndani yake mna vimpira vya rangi ya dhahabu, vingine vyekundu, vingine vya rangi ya fedha, kila kimoja kimefungwa kijiuzi cha kutundikia. Kichukue kimoja mkononi. Hakina uzito. Kikwaruze kwa ukucha, ile dhahabu inabanduka, chini yake ni plastiki nyeupe. Muulize mwenye duka ameitoa wapi, atakujibu Kariakoo. Na Kariakoo wameitoa wapi? China, na kama ilivyo kwa sehemu kubwa ya mapambo ya Krismasi duniani, yawezekana kabisa imetoka mji mmoja uitwao Yiwu, ambako viwanda na maduka ya mapambo hayo yamejazana.

Sasa tembea hatua chache tu kutoka kwenye duka hilo. Utamkuta mnunuzi wa dhahabu na kijimzani chake. Kijana ametoka kuchoma dhahabu yake, ameshika kipande kidogo kilichofungwa kwenye karatasi. Kinapimwa kwa gramu na pointi za gramu, na hapo hakuna anayecheka. Siku hizi kuna utaratibu wa soko rasmi. Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019, likawa la kwanza la aina yake nchini. Kwa hiyo katika mtaa uleule, dhahabu ya kweli inaondoka na rangi ya dhahabu inaingia. Msikilizaji, silisemi hili kwa kumlaumu mtu. Nalisema kwa sababu nilipoanza kusoma habari za mti wa Krismasi, niligundua kwamba dhahabu ya bandia si jambo geni mtini hata kidogo. Ina miaka zaidi ya 400.

Twende huko basi, tuvuke bahari.

Habari za mti wa Krismasi kama tunaoujua zinatoka kwa Wajerumani na jirani zao. Zipo hadithi nyingi. Iko ile ya Martin Luther kutembea usiku, akaona nyota kati ya miti, akarudi nyumbani akaweka mishumaa kwenye mti. Ni hadithi tamu, lakini ni hadithi. Kilichoandikwa ni hiki: mwaka 1570, katika mji wa Bremen, chama cha mafundi kiliweka mti mdogo kwenye ukumbi wake. Wakatundika matufaha, kokwa, tende, vimkate na maua ya karatasi. Na siku ya Krismasi watoto wa mafundi wakaruhusiwa kuchuma na kula. Umesikia hapo? Tende! Mapambo ya mwanzo karibu yote yalikuwa chakula.

Miaka 35 baadaye, yaani 1605, msafiri mmoja alipita Strasbourg, mji ambao leo uko Ufaransa. Akaandika kwamba watu wa huko huweka misonobari sebuleni, na juu yake hutundika mawaridi yaliyokatwa kwenye karatasi za rangi, matufaha, mikate myembamba, sukari, na vipande vya karatasi ya madini iliyofanana na dhahabu. Ndiyo niliyokuwa naisema. Tangu ule mti wa 1605, dhahabu ya bandia ilikuwapo. Hawakuwa na dhahabu ya kutundika. Walikuwa na mng'ao wake, wakaona unatosha.

Sasa kwa nini matufaha? Kwa nini wasitundike viazi? Hapa ndipo maana inapoanza, tega sikio.

Katika kalenda ya zamani ya Wakristo wa Ulaya, tarehe 24 Desemba, siku moja kabla ya Krismasi, ilikuwa siku ya Adamu na Hawa. Watu wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mambo ya Biblia yalifundishwa kwa maigizo. Lilikuwapo igizo la bustani ya Edeni. Igizo la bustani linataka mti, na mti wenyewe uwe na matunda. Lakini Desemba huko ni baridi kali, miti karibu yote imepukutika majani, imebaki fito tupu. Mti uliobaki na kijani chake ni msonobari na ndugu zake. Basi wakaukata msonobari, wakautundika matufaha mekundu, Hawa akachuma, Adamu akala, na watu wakaelewa.

Kwa hiyo kile kimpira chekundu ulichokinunua Katoro, kile unachomkataza mtoto asikiguse, kwa asili yake ni tunda la Edeni. Ni lile tunda lililotuponza. Wengi tunakitundika kila mwaka, tukidhani ni urembo tu.

Na ile mikate myembamba? Ilifanana na hostia. Maana yake ni kwamba juu ya mti mmoja kulikuwa na tunda la dhambi, na kando yake mkate wa wokovu. Adamu na Kristo kwenye mti mmoja, tarehe 24 na tarehe 25 zikishikana mikono. Nadhani hii ndiyo maana nzito kuliko zote za mapambo haya, na ndiyo iliyosahaulika kabisa. Nirudie: tunda linasimulia kuanguka, mkate unasimulia kuinuliwa. Mishumaa iliyokuja baadaye ikasimulia mwanga ulioingia gizani. Nyota ya juu kabisa ni ile iliyowaongoza mamajusi Bethlehemu. Na mamajusi hao, tusisahau, walifika na dhahabu. Hiyo angalau haikuwa ya kubanduka kwa ukucha.

Utaniuliza, tunda lilikuwaje mpaka likageuka kuwa kioo, na kioo kikageuka plastiki?

Zipo simulizi mbili, na zote mbili zinanigusa mimi mtu wa Shinyanga. Ya kwanza inatoka Lauscha, kijiji cha milimani Ujerumani ambako watu wamekuwa wakipuliza kioo tangu 1597. Husimuliwa kwamba mwaka 1847 fundi mmoja fukara hakuwa na pesa ya kununua matufaha wala kokwa za kutundika. Akafanya alichoweza: akapuliza matufaha ya kioo. Ya pili inatoka upande wa Ufaransa, kwenye milima ya Vosges, karibu na Meisenthal. Wao husimulia kwamba mwaka 1858 ukame ulipiga, matufaha hayakuzaa, miti ya Krismasi ikabaki mitupu. Fundi kioo mmoja akapuliza matufe mekundu kuziba pengo hilo.

Unaona zinavyofanana? Mmoja hakuwa na pesa, mwingine hakuwa na mvua. Sisi wa huku nani asiyeyajua hayo mawili? Likifunga duara, huna pesa. Ikigoma mvua, huna mahindi. Wenzetu walipokosa tunda, walitengeneza mfano wa tunda. Yale matufe yanayong'aa hayakuzaliwa na utajiri, msikilizaji. Yalizaliwa na kukosa.

Na kazi yenyewe haikuwa ya kifahari. Kule Lauscha ilifanyika majumbani. Baba ameketi mbele ya moto, anapuliza kioo. Mama anatia dawa ya fedha kwa ndani ili tufe ling'ae kama kioo cha kujitazamia. Watoto wanapaka rangi na kufunga vijiuzi. Usiku unaingia, kazi inaendelea, maana mwenye mzigo anasubiri. Ukiwahi kufika kwenye eneo la karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, huko Geita, ukaona akina mama wameketi na nyundo wakigonga mawe, na baba yuko chini ya ardhi, huhitaji kuelezwa zaidi. Kilichokuwa kinang'aa sebuleni mwa tajiri wa New York kilitoka kwenye mikono yenye malengelenge. Na kweli kilifika Marekani: mfanyabiashara F. W. Woolworth alianza kuyaagiza mapambo hayo kutoka Ujerumani miaka ya 1880, akayauza kwa bei ya kutupa katika maduka yake, akapata faida ambayo hata yeye hakuitegemea.

Mng'ao, ndugu zangu, una gharama zake. Zile nyuzi za kumetameta zinazozungushwa mtini, kwa mfano. Zamani zilikuwa za fedha halisi, imepondwa ikawa nyembamba. Fedha ilikuwa ghali, tena inafifia haraka, wakahamia kwenye risasi. Risasi ilining'inia vizuri, iling'aa vizuri, ikawa nyumba kwa nyumba. Mpaka miaka ya 1970 Marekani ikaamua zisitengenezwe tena, kwa kuwaogopea watoto, maana risasi ni sumu. Sisi tunaoishi na zebaki ya kukamatia dhahabu, ambayo nayo ni sumu, tunaijua habari hiyo bila kufundishwa. Yule kijana anayechomea dhahabu kwenye kikaango nyuma ya nyumba, moshi unampanda usoni, mtoto anacheza hatua mbili kutoka hapo, naye anatafuta mng'ao. Kama wewe ni mmoja wao, nakuomba sana, usichomee nyumbani. Nimetoka kidogo kwenye njia, lakini sijuti.

Turudi mtini. Mishumaa ilikuwa mizuri, ila iliunguza nyumba. Mwaka 1882 Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, akauwasha mti wa kwanza wa taa za umeme nyumbani kwake New York, taa nyekundu, nyeupe na buluu. Kuhusu taa sina mengi. Umeme umefika vijiji vingi vyetu sasa, basi nunua taa ambazo nyaya zake hazijachubuka, na ukienda kulala zima. Inatosha.

Labda unajiuliza, kitu hiki cha Wajerumani kilitufikiaje sisi? Wajerumani walitawala nchi hii mpaka vita ya kwanza ya dunia, na wamisionari wa Kilutheri na wa Kimoravian walikuja na desturi zao. Ndio hao hao Wajerumani walioiona dhahabu ya Geita mwaka 1898. Kisha wakaja Waingereza, ambao nao mti waliupata kwa Wajerumani: mume wa Malkia Victoria, Prince Albert, alikuwa Mjerumani, na mwaka 1848 gazeti la London lilipochapa picha ya familia yao imeuzunguka mti, kila mtu akautaka. Kwa Wakatoliki mambo yalikuwa tofauti kidogo. Mapadre wa White Fathers walifika Bukumbi mwaka 1883 na Ushirombo mwaka 1891, na wengi wa mwanzo walikuwa Wafaransa. Kwa Mkatoliki wa zamani sikukuu ilikuwa pango, lile pango la Mtoto Yesu lililoanzishwa na Mtakatifu Fransisko kule Greccio mwaka 1223. Mti ulionekana ni mambo ya Walutheri. Hata Vatikani yenyewe mti haukusimamishwa uwanjani mpaka mwaka 1982, wakati wa Papa Yohane Paulo wa Pili. Kwa hiyo babu yako akikwambia kwamba utotoni mwake kanisani hakukuwa na mti, kulikuwa na pango la nyasi tu, usimbishie.

Najua pia kwamba ninavyoongea hivi yupo anayetikisa kichwa. Anasema mti ni upagani. Ananiwekea Yeremia sura ya 10 mezani, pale nabii anaposema juu ya mti uliokatwa msituni ukapambwa kwa fedha na dhahabu. Ndugu yangu, endelea kusoma sura hiyohiyo. Nabii anamsema fundi aliyechonga sanamu, akaipigilia misumari isianguke, kisha watu wakaiogopa. Sijaona mtu Shinyanga anayeuogopa mti wa Krismasi. Ni kweli kwamba watu wa Ulaya walipamba nyumba kwa majani mabichi wakati wa baridi tangu kabla ya Ukristo, Warumi nao walifanya hivyo. Lakini hata sisi tulijipamba kwa shanga na simbi kabla ya padre yeyote kufika, na leo bibi harusi anazivaa kanisani, hakuna anayemfukuza. Makanisa mengine hayana desturi ya mti kabisa, na hilo ni haki yao. Wapo na majirani zetu Waislamu, ambao Krismasi kwao ni siku ya kuletewa sahani ya pilau na kututakia heri. Wasiopenda mti wasilazimishwe. Wanaoupenda wasitishwe.

Padre mmoja Mkanada, David Clement, aliliona mapema jambo hili la kusherehekea kwa vitu vyetu wenyewe. Kule Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, aliwajengea Wasukuma kanisa la duara kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na akaanzisha hapo makumbusho ya Wasukuma. Sikukuu ya Ekaristi ikawa na tamasha lake la Bulabo, vikundi vya Bagika na Bagalu vikashindana kucheza ngoma, umati ukafurika. Hakuna aliyesubiri boksi kutoka ng'ambo ili sikukuu ipendeze. Ngoma zilikuwepo, shanga zilikuwepo, manyoya na maua vilikuwepo.

Basi nirudi kwenye swali langu, lile nililosema usinichoke. Sisi tunatundika nini?

Tazama mti wa Krismasi wa kawaida una nini. Una rangi ya dhahabu. Una vitu vya kumetameta mithili ya almasi. Na una vipande vya pamba, vinavyowekwa juu ya matawi kuigiza theluji. Dhahabu, almasi, pamba. Sasa niambie, msikilizaji, ni sehemu gani nyingine ya Tanzania inayoweza kusema vyote vitatu ni vyangu? Dhahabu iko Geita, Bulyanhulu, Nyarugusu. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, mpya ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2000, na wachimbaji wadogo hawakuacha katikati. Almasi iko Mwadui, ambako Mkanada John Williamson aliigundua mwaka 1940. Mwaka 1947 ikapatikana pale almasi ya waridi, Williamson akampa Princess Elizabeth wa Uingereza zawadi ya harusi. Ikachongwa, ikawekwa kwenye bruchi yenye umbo la ua, naye alipokuwa malkia akawa anaivaa kwenye shughuli kubwa kwa miaka na miaka. Mng'ao wa Mwadui ulifika ikulu ya London. Na pamba, dhahabu nyeupe, hii hatuhitaji kuelezana. Sehemu kubwa inaondoka kwa marobota kwenda nje. Halafu Desemba inapofika, mama wa Shinyanga anakwenda duka la dawa, ananunua pamba iliyoviringishwa kwenye karatasi ya buluu, anarudi nayo nyumbani kutengenezea theluji ambayo hajawahi kuiona.

Mimi hilo hunichekesha. Na sioni ubaya wa kucheka.

Lakini ukishacheka, fikiri kama wale mafundi wa Bremen. Ukiacha zile tende, hawakutafuta kitu cha mbali. Walitazama ghalani mwao, wakaona matufaha na kokwa, wakatundika. Sisi ghalani mna nini Desemba? Mna michembe ya viazi vitamu. Mna matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Mna karanga na njugu mawe. Wajerumani walizipaka kokwa rangi ya dhahabu. Njugu mawe ikipakwa rangi itakosa nini? Tundika vibuyu vidogo vilivyokaushwa. Tundika shanga za bibi. Kama ulibakiza tumba la pamba la msimu uliopita, lile lililofunguka likiwa bado na ganda lake la kahawia, litundike lilivyo. Hilo ni ua, halihitaji kuwa theluji. Na mkate? Chapati ndogo, iliyopigwa tundu ukingoni. Watoto wakiruhusiwa kuchuma na kula siku ya Krismasi kama wale wa Bremen, utaona kama kuna mtoto atakayeuliza habari za vimpira vya plastiki.

Waukraine wana hadithi yao ya mjane aliyekuwa na mti lakini hana cha kutundika. Yeye na wanawe wakalala kwa huzuni. Usiku buibui wakausuka mti mzima kwa utando, asubuhi mwanga ulipougusa, nyuzi zote zikageuka fedha na dhahabu. Mpaka leo watu wa huko hutundika vibuibui vidogo mtini. Nimeileta hadithi hii kwa ajili ya mama mmoja anayenisikiliza sasa, ambaye mwaka huu duara halikutema, au aliyekuwa akileta hakurudi. Mama, mti wako si mtupu.

Nimezungumza sana juu ya vitu vinavyotundikwa, na sijausema mti wenyewe. Huku kwetu mti wenyewe ndio habari kubwa.

Wajerumani walikuwa na msitu, walichokosa ni matufaha. Sisi tulikuwa na kila kinachong'aa, tulichokosa ni mti. Wazee wanakumbuka. Zama za Waingereza vichaka vilifyekwa ili kuwamaliza mbung'o. Kisha vikafyekwa kwa ajili ya pamba, kisha kwa kuni na mkaa, na migodi nayo ilitaka magogo ya kukingia maduara. Ardhi ikabaki uchi, upepo ukawa unabeba vumbi la Shinyanga utakavyo, mpaka Mwalimu Nyerere akaiita jangwa la Tanzania. Ndipo mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na kilichofanya kazi hakikuwa kitu kigeni. Ilikuwa ngitili, ule utaratibu wa wazee wetu wa kuzungushia eneo la malisho, mifugo isiguse mpaka kiangazi. Visiki vilivyodhaniwa vimekufa vikachipua. Migunga ikarudi, mikwaju ikarudi, ndege wakarudi. Mwaka 2002 kazi hiyo ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Sasa mtu wa mkoa huo, anayejua mti ulivyopatikana kwa jasho, anawezaje kukata mvinje mchanga, kuupamba siku kumi na mbili, na tarehe 6 Januari kuutupa jalalani? Hapo mimi sikubali. Mti wa plastiki nao si suluhisho kubwa, japo angalau unautumia mwaka baada ya mwaka. Kama unao tayari, usiutupe. Lakini kukata mti mbichi Shinyanga kwa ajili ya mapambo, hapana. Kanisa linalofanya hivyo nalisihi liache.

Na wala hatuna shida ya mti wa kupamba. Toka nje sasa hivi, utazame barabarani, shuleni, kwenye viwanja vya hospitali na bomani. Unauona ule mti mpana, matawi yametandazwa, na mwezi huu umewaka maua mekundu juu ya majani mabichi? Ndio mkrismasi. Asili yake ni Madagaska, lakini umekuwa mwenyeji, na hauhitaji mtu wa kuupamba, wenyewe hujipamba kila mwisho wa mwaka. Maganda yake marefu watoto huyafanya mapanga wakapigania. Ukitaka kuupanda, zitoe mbegu kwenye ganda, zimwagie maji ya moto uziache zilale humo usiku kucha, kisha uzipande. Usiupande karibu na ukuta, mizizi yake hutambaa juujuu na itakupasulia msingi. Upande mbali kidogo, pale unapotaka kivuli.

Mvua zimeanza, udongo umelainika, na miche ipo kwenye vitalu. Nakuomba mwaka huu, wewe na wanao, siku ya mkesha kabla ya kwenda ibadani, mpande mti mmoja. Mkrismasi, mwarobaini, mkwaju, uchague mwenyewe. Uzungushieni miiba mbuzi wasiumalize. Kisha utundikeni kitu kimoja tu cha hapo nyumbani, hata kama ni ushanga mmoja kwenye kijitawi. Mti huo muumwagilie wakati wa kiangazi, na Krismasi ijayo nitumieni ujumbe mniambie umefika urefu gani.